Maji ya Kyela na kipimo cha rangi: tupime nini kwanza?

Chota maji ya kisima cha pampu chenye chuma kingi, yachemshe, tia majani ya chai. Wekundu uliouzoea hautokei. Unapata kikombe cheusi kama wino, na kikikaa kidogo kinatanda utando unaometameta juu. Mama ntilie aliyewahi kupika karibu na kisima cha namna hiyo hahitaji kuelezwa. Maji yale huyaachia kufulia na kuoshea vyombo, ya chai akayatafuta kwingine. Kinachotokea kwenye sufuria ni kemia halisi. Tanini ya majani ya chai hushikana na chuma, na kitu kipya kinachozaliwa humeza mwanga kwa namna ambayo chai peke yake haiwezi.

Ujanja huu ni wa kale. Pliny, Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika juu ya karatasi ya mafunjo iliyolowekwa kwenye maji ya vinundu vya mti wenye tanini, iliyotumika kuwanasa wafanyabiashara waliochakachua dawa ya shaba kwa chumvi ya chuma. Palipokuwa na chuma, karatasi iligeuka nyeusi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chiang Mai, Thailand, walipima chuma kwenye maji kwa kutumia dondoo ya majani ya mpera. Mpera si mti wa kutafutwa kwa tochi Kyela.

Ninaanza na chai kwa sababu vipimo vya maji vinavyobadilika rangi vinauzwa siku hizi kama muujiza. Utepe mmoja wa plastiki una miraba kumi, kumi na minne, hata kumi na sita. Unachovya, unasubiri dakika moja, unalinganisha na picha iliyo kwenye kopo. Kamati za maji zinaulizia, wafadhili wanapenda kupiga navyo picha, na mwenye kisima chake binafsi anajiona ameipata maabara nzima kwa bei ya gunia la mpunga. Nami nimekuwa nikiulizwa: tununue?

Jibu langu kwa watu wa Talatala na kata nyingine za tambarare ya Kyela ni kwamba utepe wa miraba kumi na sita ndio wa mwisho kununuliwa. Rangi hujibu swali lile tu lililowekwa ndani ya kitendanishi. Mraba wa chuma hauoni risasi, mraba wa risasi hauoni floraidi, na katika miraba yote hiyo mara nyingi hakuna hata mmoja unaoona kinyesi. Tambarare ya Kyela swali lake la kwanza ni kinyesi.

Tazama ardhi yenyewe. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kasi kutoka milimani, kisha hufika kwenye tambarare iliyo karibu usawa mmoja na Ziwa Nyasa, mita mia nne sabini na kitu juu ya bahari. Huko mto unapoteza haraka na kumwaga mchanga, tope na maji. Mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, na kilele chake ni Aprili. Maji ya ardhini yako karibu. Ndiyo maana mpunga unastawi na ndiyo maana kuchimba kisima ni kazi ya siku chache. Lakini choo cha shimo nacho kinachimbwa kwenye udongo huohuo. Mafuriko yakija, choo na kisima vinakuwa dimbwi moja, na maji yakishapungua kila kitu hurudi mahali pake kikionekana kama zamani. Maji yanayochotwa wiki hiyo yanaweza kuwa maangavu kabisa.

Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilizunguka nchi hadi mwanzoni mwa 2018 kikiacha wagonjwa zaidi ya 33,000 na vifo zaidi ya 500, na Kyela ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa. Homa ya matumbo ndiyo usiseme.

Kipimo cha kwanza ninachokitetea, basi, ni cha klorini, dawa inayoua vijidudu vya kinyesi, na ni cha bei ndogo kuliko vyote. Mwingereza A. T. Palin alikipa umbo tunalolijua mwaka 1957. Unajaza kichupa maji hadi kwenye mstari, unatia kidonge kidogo ukikitoa kwenye karatasi yake ya fedha bila kukigusa kwa vidole, unakiponda, unatikisa. Kama ndani kuna klorini iliyo huru, maji yanakuwa ya waridi papo hapo, na kadiri klorini inavyozidi ndivyo waridi linavyokolea. Unakiweka kichupa mbele ya vioo vya rangi vilivyopangwa na kusoma namba. Nusu saa baada ya kutia dawa unataka kuona angalau miligramu 0.5 kwa lita. Baada ya saa 24 kwenye ndoo iliyofunikwa unataka isishuke chini ya 0.2.

Uzuri wake ni kwamba hakihesabu wadudu, kinamhesabu mlinzi. Mama aliyetia kidonge cha klorini cha WaterGuard kwenye ndoo ya lita 20 anaweza kuwa amefanya kila kitu sawa, na bado waridi lisitoke, kwa sababu maji ya tope na yale yenye rangi ya majani yaliyooza humaliza klorini kabla haijawafikia vijidudu. Chuma nacho hula klorini. Maji yanayopita mashambani mwa mpunga huwa na vyote vitatu. Kichupa kikibaki cheupe, ushauri uko wazi: chuja kwa kitambaa safi, acha yatulie, mimina yaliyo juu, tia dawa tena, pima tena. Huo ni mchana mmoja tu wa kazi, wala hakuna sampuli iliyosafirishwa.

Kuna mtego mmoja hapa ambao wauzaji hawautaji. Klorini ikizidi mno, inaiunguza rangi yenyewe. Baada ya mafuriko mafundi humwaga klorini nyingi kisimani kukisafisha, na hiyo ndiyo kazi yao. Akija mtu kupima siku hiyohiyo, waridi linaweza kuchomoza na kupotea kabla hajainua kichupa, au lisionekane kabisa. Ataandika sifuri, na pengine ataagiza dawa iongezwe. Dawa ya mtego huo ni kuchanganya sehemu moja ya maji ya kisima na sehemu tisa za maji safi yasiyo na klorini, kupima upya, na kuzidisha jibu mara kumi. Anayefundisha kipimo hiki bila kufundisha hilo amefundisha nusu.

Kipimo cha pili ni cha weusi. Mwaka 1982 Wahindi watatu, Manja, Maurya na Rao, walichapisha katika jarida la Shirika la Afya Duniani njia ambayo hata shule ya kata inaweza kuimudu. Karatasi inalowekwa kwenye mchanganyiko wa chakula cha bakteria, chumvi ya salfa na chumvi ya chuma, inakaushwa na kuwekwa kwenye chupa iliyochemshwa. Unajaza maji, unafunga, unasubiri. Bakteria wengi wanaoishi tumboni mwa binadamu na wanyama huigeuza ile salfa kuwa gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi ikikutana na chuma, chupa nzima inakuwa nyeusi kama masizi. Huhitaji kuwa na jicho la mtaalamu kuuona weusi huo, na mtoto wa darasa la nne hawezi kuukosea.

Hapa Kyela ina bahati ambayo watu wa Tukuyu hawana. Bakteria hawa wanahitaji joto ili wazaliane, na kwenye joto la tambarare chupa inaweza kukaa juu ya kabati siku moja au mbili ikajibu bila umeme wala sanduku la kutunzia joto. Ukipanda hadi Rungwe, ambako watu hujifunika blanketi mbili, chupa hiyohiyo inaweza kuchelewa sana, na aliyeisoma mapema atatangaza kisima salama kumbe hakijapimwa.

Bahati hiyo ina gharama yake. Udongo uliofunikwa na maji muda mrefu, kama wa majaruba, una bakteria wake wanaotengeneza gesi hiyohiyo bila kinyesi chochote. Chemchemi za maji moto, kama zile za upande wa Kasumulu, zinaweza kubeba salfa inayotoka ardhini moja kwa moja. Chupa itakuwa nyeusi na mwenye kisima atadai ameonewa, na huenda ana haki. Mimi weusi huu nauchukua kama sababu ya kutafuta ushahidi mwingine, na sioni kama unatosha kukifunga kisima peke yake.

Ushahidi huo mwingine upo, nao ni wa buluu. Kwenye mfuko wa plastiki wenye vyumba vitano vya ujazo tofauti unamimina mililita 100 za maji yaliyochanganywa na chakula maalumu: sukari iliyofungwa pamoja na kiini cha rangi. Bakteria wa kinyesi aitwaye E. koli ana kimeng'enya cha kuikata ile sukari. Akiila, kiini kinabaki huru, viwili viwili vinaungana, na chumba kinakuwa cha kijani kibuluu. Rangi inayotokea ni ya ukoo wa nili, ile iliyowapa bibi zetu kaniki. Ukihesabu vyumba vilivyogeuka na kuangalia jedwali unapata kadirio la bakteria wangapi wako kwenye mililita 100, na kiwango cha maji ya kunywa ni sifuri. Ukiwa na joto la nyuzi 30 hadi 35, jibu linakuja kama baada ya siku moja. Mfuko mmoja ni ghali kuliko chupa nyingi za weusi, kwa hiyo busara ni kuanza na chupa kwenye visima vyote, kisha mifuko kwa vile tu vilivyogeuka.

Hata hivyo E. koli ni shahidi tu. Kuwepo kwake kunaonyesha kwamba kinyesi kimepita hapo. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi kwamba kijidudu cha kipindupindu hakimo, maana hicho kinaweza kuishi majini kivyake.

Sasa madini. Ninajua ndiyo yanayowatisha watu zaidi, kwa sababu aseniki na risasi yanasikika kama sumu, na kinyesi kinasikika kama uchafu wa kawaida. Lakini kuna tofauti kubwa ambayo vipeperushi vya vipimo havielezi. Kinyesi hubadilika na mvua: kisima kilicho salama Septemba kinaweza kuwa hatari Aprili. Kinachotoka kwenye mwamba hakiendi mbio hivyo. Floraidi iliyo kwenye kisima leo, kwa kawaida, itakuwa karibu ileile mwakani. Hiyo maana yake ni kwamba kisima kipya kipimwe madini maabara kwa mashine nzuri siku kinapochimbwa, kirudiwe baada ya miaka kadhaa, na utepe wa kila mwezi hauna kazi hapo. Fedha ya vipimo vya rangi iende kwenye kinachobadilika.

Kyela iko chini ya milima ya volkano na ina maji moto, kwa hiyo floraidi lazima iulizwe walau mara moja kwa kila kisima kirefu. Arusha na Meru wamelipa gharama ya kutouliza: meno ya kahawia, na kwa wengine mifupa iliyopinda. Tanzania ilikubali kwa miaka mingi kikomo cha muda cha miligramu 4 kwa lita kwa sababu ya hali hiyo, kabla ya kushuka hadi 1.5, sawa na Shirika la Afya Duniani. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Kipimo cha rangi cha floraidi kipo, nacho hufanya kinyume cha vingine: unaanza na rangi nyekundu, na floraidi inaipausha. Kusoma kilichopauka ni kugumu kuliko kusoma kilichokolea, sababu nyingine ya kuiachia maabara.

Makaa ya mawe ni habari nyingine. Machimbo ya Kiwira yako juu ya tambarare hii, na makaa yenye madini ya salfa na chuma, yakikutana na hewa na mvua, hutoa asidi. Palipo na machimbo, karatasi ya kupima asidi ni rahisi, ni ya kudumu, na inafaa kutumiwa mtoni kila baada ya mvua ya kwanza. Sisemi Kiwira inaharibu maji. Nasema swali hilo lina karatasi yake.

Nitreti nayo huaminiwa kupita kiasi. Njia yake ni ya Peter Griess, mkemia wa Kijerumani aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Uingereza, tangu 1879: rangi ya waridi iliyokolea, na ndiyo hiyo iliyo kwenye mraba mmoja wa karatasi za mkojo pale zahanati. Vyuo hufundisha kwamba choo kikivuja, nitreti hupanda. Ni kweli kwenye udongo mkavu. Kwenye udongo wa jaruba usio na hewa, bakteria huigeuza nitreti kuwa gesi ikapotea angani. Kwa hiyo kisima kilicho katikati ya mpunga na vyoo kinaweza kuonyesha nitreti karibu na sifuri huku kikibeba kinyesi, na mwenye utepe wa miraba kumi na sita akalala usingizi.

Maabara za dunia ziko mbele zaidi ya haya. Mwaka 2007 kundi la George Whitesides wa Harvard lilionyesha jinsi karatasi ya kawaida inavyoweza kuchorwa mifereji ili tone moja lijigawe kwenye vipimo kadhaa. Tangu 2003 Yi Lu na Juewen Liu wa Illinois walitumia chembe ndogo mno za dhahabu, ambazo zikiwa mbalimbali ni nyekundu na zikikusanyika ni buluu, kuinasa risasi. Ni kazi ya kuvutia, na nakala za wazo hilo sasa ni maelfu. Nyingi zimejaribiwa kwenye maji yaliyochujwa hadi hayana kitu, au ya bomba la chuo. Maji ya Aprili ya Kyela yana tope, chuma, na maji ya majani yaliyooza, na kila kimoja kinaweza kuzikusanya au kuzifunika zile chembe. Mtafiti wa Arusha au Dar es Salaam anayetaka kutengeneza kipimo cha watu wetu aanze na ndoo ya maji ya hapa.

Hata vipimo vya zamani vinakwazwa na maji yenye rangi. Ndiyo sababu kila sampuli isomwe pamoja na kichupa cha maji yaleyale yasiyotiwa kitendanishi. Tofauti ya viwili ndiyo jibu. Isomwe nje kivulini saa za mchana, mbali na mwanga wa tochi ya simu. Kopo lifungwe mara moja, kwa kuwa hewa ya ziwani ina unyevu unaoua karatasi kabla ya tarehe iliyoandikwa. Na kwa kuwa upofu wa rangi nyekundu na kijani huwapata wanaume zaidi na wanawake kwa nadra sana, sioni kwa nini msomaji wa rangi kijijini asiwe mwanamke, ambaye mara nyingi ndiye aliyeko kisimani tangu alfajiri.

Maabara ya Wizara ya Maji iko Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ya kupanda. Sampuli ya bakteria inatakiwa ifike ikiwa kwenye barafu, ikiwezekana ndani ya saa sita na isizidi siku moja. Wakati wa mafuriko, barabara ya kijijini ikiwa imekatika, hesabu hiyo haitimii. Ndipo kipimo cha rangi kinapopata heshima yake: kinakaa mahali maji yalipo.

Bangladesh wana la kutufunza. Walipogundua aseniki kwenye visima vyao, walipima karibu visima milioni tano kwa karatasi inayogeuka njano hadi kahawia, wakapaka midomo ya pampu rangi: nyekundu usinywe, kijani kunywa. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jadavpur wakiongozwa na Dipankar Chakraborti walilalamika, kwa haki, kwamba vipimo vile vilikosea visima vingi. Lakini familia nyingi zilihamia kisima cha jirani chenye kijani, kwa sababu jibu lilipakwa pale pale ambapo mkono hushika. Jibu lililobaki kwenye daftari la mradi halijamhamisha mtu.

Kwetu daftari ndilo linalonitia wasiwasi. Tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya wakala wa serikali, RUWASA, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii ndivyo vinavyoendesha miradi. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ina ofisi yake Tukuyu. Kisima cha kienyeji nyuma ya nyumba, kile kinachofurika kwanza, mara nyingi hakina mwenyewe kati ya hao wote. Kipimo kikigeuka cheusi pale, nani aambiwe, na afanye nini kabla jua halijazama? Ninapendekeza kwamba mhudumu wa afya ngazi ya jamii awe na mamlaka ya kufunga kamba nyekundu kwenye kisima hicho na kugawa vidonge vya klorini siku hiyohiyo, na mtendaji wa kijiji apewe taarifa, asiombwe ruhusa.

Vitu vya kununua ni vichache: vichupa na vidonge vya klorini kwa kila kamati ya maji, chupa za weusi za kutosha visima vifupi vyote kwa Machi, Aprili na Mei, na mifuko ya buluu kidogo kwa ajili ya uthibitisho. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na mafuriko ya Kyela huja miezi tisa baadaye. Kwa hiyo madiwani wa Kyela waliweke ombi hilo kwenye makadirio ya mwaka huu, kwa sababu vitendanishi vinavyoagizwa baada ya maji kuingia majumbani huwa vinafika Juni.